Nyumba ya Roho Tatu

Niseme mapema ili msije mkanishika uongo baadaye: Urith Yelland sikumpenda. Tulikaa mlango kwa mlango, barabara katikati, tangu nilipoolewa nikaletwa Netherclay, na katika maisha yetu yote hayo hakuwahi kukanyaga kwangu hata kuomba kaa la moto. Alikuwa na sababu yake. Nitaifikia.

Kwanza nyumba, maana bila ile nyumba hakuna habari ya Urith.

Babu yake, mzee Amos, aliijenga enzi za mfalme George, kando ya barabara, kwenye kipande ambacho hakuna aliyekuwa anakilima. Aliijenga kama tunavyojenga sisi huku Devon: udongo mwekundu, mabua ya ngano na samadi, vikakanyagwa na ng'ombe na watu mpaka vikashikana, vikainuliwa kwa uma na kupangwa juu ya msingi wa mawe. Unapanda kimo cha goti, unaacha ukuta ukauke, unarudi wiki nyingine. Mwenye haraka, ukuta humwangukia. Kuta za mzee Amos zilitoka nene kiasi kwamba mtoto angeweza kulala ndani ya dirisha. Wazee wetu husema nyumba ya udongo ipe kofia nzuri na viatu vizuri, itakuzika wewe na wanao. Paa la mabua lisivuje, mawe ya chini yasinyonye maji, basi. Kinachobaki ni kupaka chokaa kila baridi ikiisha.

Lakini ardhi ilikuwa ya Bwana Merrifield, kama kila kitu huku mpaka kunguru. Na Merrifield hakuuza, wala hakukodisha kwa miaka. Alitoa kwa roho. Unataja watu watatu, na maadamu mmoja wao anapumua, nyumba ni yenu. Wa mwisho wao akikata roho, nyumba inarudi kwa bwana, na meko yake, na kabichi zilizoko bustanini. Mzee Amos alijitaja mwenyewe, akamtaja mwanawe Silas, na wa tatu akamtaja mjukuu aliyekuwa bado ananyonya, Urith binti Silas. Watu wengi walitaja watoto wachanga, kwa kuwa mtoto ndiye mwenye safari ndefu mbele yake. Ni kamari, na kila mtu aliicheza hivyohivyo.

Yule mtoto akafa. Koo lilimvimba, hakumaliza juma. Silas alikuwa amebeba kijeneza begani, anaelekea kanisani, akakutana uso kwa uso na msimamizi wa Bwana Merrifield, mzee Veale, juu ya farasi wake. Silas akasema haraka kwamba maiti ni ya mtoto wa dada yake. Mzee Veale akavua kofia, akapisha, akaenda zake. Wakashukuru Mungu.

Mwaka uliofuata mama akajifungua msichana mwingine, wakamwita Urith. Hapo hakuna aliyeshangaa. Kwetu mtoto akifa jina lake halitupwi, linamngoja anayefuata. Pale makaburini wamo akina John watatu wa mama mmoja. Tofauti ni kwamba akina Yelland walilitumia jina kama kiraka. Urith aliyetajwa kwa bwana alikuwa chini ya udongo, na Urith aliyekuwa kwenye kitanda cha mtoto akawekwa mahali pake. Kijiji kizima kilijua. Sisi Netherclay tuna midomo mirefu kwa mambo yote, isipokuwa yale ya kumfaidisha bwana.

Kwa hiyo Urith wa pili alikulia ndani ya jina la marehemu, na ndani ya umri wa marehemu pia. Kila mara ilibidi aonekane mkubwa kidogo kuliko alivyokuwa. Kwa bahati Mungu alimpa urefu. Alirefuka mpaka akampita baba yake, na kichwa chake kilijua kuinama kila mlangoni.

Alilishwa, nisiseme uongo. Nyama ya nguruwe ikiwa kipande kimoja, ni cha Urith. Malai ya juu ya maziwa, ya Urith. Kaka yake Jabez, aliyeshinda mashambani akifukuza ndege kwa tumbo tupu, alimwita nguruwe wa Krismasi tangu wakiwa watoto mpaka alipoingia kaburini. Na alichungwa. Asipande mti. Asivuke mto maji yakijaa. Asiende Exeter kufanya kazi za ndani kama wasichana wenzake, maana mjini kuna homa. Watoto wa kijiji wakampa jina la Roho, likamganda. Akionekana juu ya ua wa mawe tu, walimpigia kelele, Roho shuka hapo, utavunjika shingo ndugu zako walale nje.

Kila mwaka, Siku ya Bibi Maria, mwishoni mwa Machi, msimamizi alipita nyumba kwa nyumba kukagua roho za bwana wake. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni akauliza, "Roho ipo?" na mwenye nyumba akajibu, "Ipo." Ndipo Urith alipotoka mpaka penye mwanga, akataja jina lake na la baba yake, akarudi zake jikoni. Roho ikionekana siku hiyo, nyumba ni yenu mpaka Siku ya Bibi Maria nyingine, hata mwenye roho akifa kesho yake. Isipoonekana, mnatoka kabla jua halijazama. Mzee Amos alianguka kutoka juu ya paa akiliezeka, akafa. Zikabaki roho mbili, ya Silas na ya Urith, na Silas alikuwa na kifua kibovu.

Sasa nifike kwa mume wangu.

Reuben Cleave alikuwa mwashi wa udongo, fundi hasa. Aliitwa kwa Silas kuziba ufa kwenye ukuta wa nyuma, na ule ufa, jamani, haukuisha kuzibwa. Alikuja majira yote ya joto. Ng'ambo ya barabara alikuwa na kiwanja alichoachiwa na mjomba wake, kisichohusiana na Merrifield wala roho ya mtu, na hapo akaanza kujenga. Watu walimtania kwamba anajenga kwa jicho moja, maana jingine liko kwa Silas. Mara amwite Urith amshikie kamba. Mara amwombe ainue mkono ukutani, eti aone kama ukuta wa kwao umepinda. Ukuta wa kwao ulikuwa umenyooka kabisa. Alikuwa anachukua kipimo.

Nyumba ilipokwisha kuezekwa, akavuka barabara akamwomba Silas binti yake. Alinisimulia mara moja tu, na sikumwomba anirudie. Silas hakumtukana. Alimwekea pombe ya matofaa, akamkalisha.

"Wanawake wangapi wamekufa na uzazi hapa kijijini, Reuben?" akamwuliza. "Wewe unaoa msichana. Mimi naozesha paa langu."

Reuben akasema basi wote wahamie kwake, nyumba ya Merrifield na irudi kwa mwenyewe. Silas akamtazama kama mtu aliyetapika mezani. Nyumba iliyojengwa na baba yake, iliyomuua baba yake? Akamgeukia Urith, ambaye alikuwa amesimama mekoni na unga mikononi.

"Wa kwanza alikufa tukakupata wewe," akasema. "Ukifa wewe, wa tatu nitamtoa wapi?"

Urith aliweka mkono mmoja ukutani. Kisha akasema mkate utaungua, akaenda kuutazama. Alama ya kiganja cha unga ilibaki pale ukutani, na Reuben akaondoka akiiangalia. Hilo ndilo jibu alilopata.

Akaenda kwenye mnada wa Crediton, akarudi na mimi. Nilikuwa mtumishi wa jikoni, mdomo mwingi, mfupi kama mnavyoniona. Siku ya kwanza nimeingia kwenye nyumba yangu mpya, nimefurahi, nikanyoosha mkono kuweka chumvi kwenye shubaka lililo pembeni ya meko, mahali pakavu ambapo kila mwanamke wa huku huweka chumvi. Sikulifikia. Nikadhani fundi kakosea. Nikaenda dirishani, ukingo ukanifika kifuani. Mdomo wa tanuri la mkate juu, ndoano ya sufuria juu, mahali pa kutundikia shali juu. Nikachungulia nje kwa kusimamia vidole, na ng'ambo ya barabara nikamwona mwanamke mrefu akitoka mlangoni kwa kuinama.

Nikaelewa. Sikulia, sikuwa mtu wa kulia. Nilimwambia Reuben nataka kigoda. Akanitengenezea siku ileile, na hakuniuliza cha nini.

Alikuwa mume mwema, simsemi. Hakunipiga, hakulewa, alizika watoto wawili pamoja nami akishika mkono wangu. Lakini mwanaume yule alinijengea nyumba ya mtu mwingine, na mimi nikaifagia maisha yangu yote. Wanakijiji hawakukosa la kusema. Nikienda kisimani waliniuliza, mke mdogo, mke mkubwa hajambo? Nami nawajibu, hajambo, anawasalimu na anasema waozesheni kwanza waseja wenu. Roho ilikuwa inaniuma, ila mdomo haukuumwa.

Na Urith? Tulisalimiana. Mvua leo, ndiyo, mvua. Reuben alipokufa, aliweka mkate juu ya nguzo ya lango langu ukiwa bado moto, akageuka akaenda kwao. Nilisimama mlangoni na jeneza liko ndani, nikamtazama mgongo wake mrefu, nikataka nimwite nimwambie, njoo basi, ni wako pia. Sikumwita. Mkate niliula.

Silas alikufa na kifua chake, ikabaki roho moja. Jabez naye akafuata. Ndani ya nyumba akabaki Urith na mtoto wa Jabez, Nathan, na mke wake Keziah, na watoto wao. Jinsi Nathan alivyomchunga shangazi yake! Alimvalisha mashali kama kitunguu. Alimwonjea mchuzi usimchome. Jua likiwaka, shangazi kaa kivulini. Upepo ukivuma, shangazi funga shingo. Sijui kama alimpenda. Mtu aliyening'inia kwenye kamba hajiulizi kama anaipenda kamba.

Naye alikuwa na haki ya kuogopa. Bwana Merrifield mdogo alikuwa amerithi, na yule hakutaka nyumba za kando ya barabara. Kila roho ya mwisho ilipokatika, watu wake walikuja na kulabu, wakavuta paa chini, ili maskini wasibaki kwenye parokia yake wakala kodi anayotozwa kwa ajili yao. Mjane Luscombe, mume wake alipokufa siku chache kabla ya Siku ya Bibi Maria, alitolewa matanga hayajaisha. Alipelekwa nyumba ya maskini mjini, ambako mume analala kwake, mke kwake, watoto kwao, na siku ya kuingia unanyolewa nywele kama mfungwa. Hakumaliza mwaka. Keziah alikuwa na mimba kubwa tena, na kila jioni alipofunga dirisha niliona anaitazama nyumba ya Luscombe. Ilikuwa imebaki kuta tu, mvua inazila.

Majira ya baridi yale Urith akaanza kukohoa.

Keziah hakuweza kuinama, kwa hiyo nilivuka barabara mimi. Mtu asiniite mwema, nilikuwa nimechoka kusikia kile kikohozi kupitia kuta mbili. Nilimwosha, nikamgeuza, nikamnywesha uji. Alikuwa mzito wa mifupa. Hatukuzungumza la maana. Siku moja tu, Nathan akiwa nje, aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba amechoka, angependa kufa, kama si usumbufu. Nikamwambia afe basi, nani kamzuia. Akacheka mpaka akakohoa damu.

Ndipo Nathan akaingia na kuiona ile damu kwenye kitambaa. Lijitu lile kubwa likapiga magoti sakafuni.

"Shangazi, vumilia mpaka Machi," akasema. "Nivushe Siku ya Bibi Maria, Keziah ajifungue chini ya paa, sitakuomba kitu tena."

"Baba yako aliniomba hivyohivyo," Urith akamjibu. "Na babu yako."

Lakini akavumilia. Mimi nilikuwepo, nasema nilichokiona. Mwili ule ulishamaliza kazi yake Februari. Alikuwa anakata pumzi, tunatazamana, mimi na Nathan na Keziah, roho mkononi, halafu anaivuta tena, kwa hasira, kama mwanamke anayevuta ndoo iliyonasa. Alikuwa haangalii mtu. Alikuwa anaangalia ule ukuta wa jikoni. Niliuchukia ule ukuta. Niliwachukia Amos na Silas ndani ya makaburi yao, na Reuben kidogo, kwa kutomwiba siku ile akakimbia naye.

Siku ya Bibi Maria ikafika, na mvua nyepesi. Tulimvika gauni lake jeusi, Nathan akamnyanyua pamoja na kiti. Msimamizi alikuwa Veale mdogo, mtoto wa yule wa farasi, ingawa mdogo ni jina tu, naye alikuwa mzee, na ule ulikuwa mwaka wake wa mwisho wa kazi. Kila nyumba aliyopita walimmiminia kikombe cha buriani. Alifika kwetu pua nyekundu, moyo mkunjufu.

"Roho ipo?"

"Ipo," Nathan akajibu, sauti haimtoki.

Tukamweka Urith mlangoni, penye mwanga. Alishika mwimo wa mlango. Alitafuta pumzi mpaka nikadhani haji kuipata, kisha akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, "Urith binti Silas Yelland."

Keziah akaanza kulia palepale kwa furaha. Mwaka mzima walikuwa nao. Ilikuwa imekwisha, na Veale alitakiwa kugusa kofia yake na kwenda zake. Lakini pombe ilikuwa inamtembea, na nadhani kweli alitaka kumsifu.

"Umewafaa sana ndugu zako, bibi," akasema. "Kwa mtu aliyezikwa kabla hajajua kutembea."

Nathan akawa mweupe. Veale akamwona, akaangua kicheko, akamwambia asiogope, kule ofisini wameiita Nyumba ya Marehemu tangu baba yake yuko kazini. Baba yake si ndiye aliyekutana na lile jeneza? Kwani dada yake Silas alikuwa na mtoto gani, wakati hata mume hakuwa naye?

"Mlijua," Urith akasema. "Mkanyamaza."

"Tungefaidi nini?" Veale akauliza, kwa upole kabisa. "Nyumba ya udongo ikikosa watu wa kuiezeka, inalala. Baba alisema waacheni waitunze. Hakuna aliyekuwa anakuchunga wewe, bibi. Ungekufa, ungeolewa, ungekwenda Amerika, tungepita mwaka huo tukauliza roho ipo, wangemtoa mwanamke yeyote, nasi tungegusa kofia. Sasa huyu bwana mdogo ndiye hataki mchezo. Mwaka huu mmeupata, mwakani nyumba inashuka, uwe hai, uwe mfu." Kisha akagusa kofia yake kweli, akaondoka.

Nilimtukana Veale tusi ambalo siwezi kulirudia, na nilimfuata nalo mpaka kwenye kona. Niliporudi, Nathan alikuwa amekaa kwenye kizingiti ameshika kichwa. Urith yuko palepale kwenye kiti, mvua inamnyea usoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuna aliyekuwa anamwambia afunge shingo.

"Honor," akaniambia, "nipeleke kwako."

Nathan akainuka mbio, akasema haiwezekani, shangazi, baridi itakuua.

"Ndiyo," Urith akasema.

Kwa Nathan ilikuwa mazoea tu, maskini, hata hakusikia alichosema. Keziah ndiye aliyemshika mume wake mkono. "Mbebe," akamwambia. "Ametubeba vya kutosha."

Tukavuka barabara na kiti chake. Mlangoni kwangu Nathan aliinama, mimi sijawahi kuinama pale. Urith hakuinama, kwa kuwa alikuwa amekaa, lakini aliinua macho akakiangalia kizingiti cha juu, na nikajua anakipima na kichwa chake. Ndani akaomba asimamishwe. Nathan kushoto, mimi kulia, ingawa mimi nilimfika kwapani tu na sijui nilisaidia nini. Alitembea mpaka mekoni. Hakuuliza kitu kiko wapi. Mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe, haukunyooka wala haukujikunja, ukaingia kwenye shubaka la chumvi kama mtu anayeingiza mkono mfukoni mwake.

Akabaki hivyo. Halafu akatazama chini, akakiona kigoda changu, kimelika katikati kwa nyayo zangu.

"Hapa ulikuwa unafikaje?"

"Kwa hicho."

"Miaka yote?"

"Chumvi haiteremki yenyewe, Urith."

Alikitazama kile kigoda kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama shubaka. "Pole, mwenzangu," akaniambia.

Hapo ndipo nililia. Sikulia nilipoolewa wala Reuben alipokufa, nikalia siku ile, mbele ya Nathan, kwa sauti, makamasi yananitoka. Nililia kwa ajili yake na kwa ajili yangu, na siwezi kusema ni kwa nani zaidi. Tulikuwa wanawake wawili wazee, na kila mmoja alikuwa ameishi maisha yaliyopimwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Nilimlaza dirishani, kwenye kitanda cha Reuben. Ukingo wa dirisha ulimfika sawasawa pa kuegemeza kiwiko. Akawa anaitazama nyumba yao ng'ambo, ambayo sidhani alikuwa amewahi kuiona kwa nje kwa kitambo hicho. Alisema paa linahitaji mabua mapya upande wa dohani. Baadaye akasema ni nyumba nzuri, haina kosa. Hakuivuta tena pumzi kwa hasira. Ilipokatika, akaiacha iende, asubuhi, mimi nikichochea moto.

Mazikoni kasisi aliuliza umri wa marehemu. Nathan akataja umri wa yule wa kwanza. Nilimkanyaga mguu, nikamnong'oneza kwamba hakuna wa kumdanganya tena, mwambie ukweli, mpe dada wa watu umri wake. Akarudia umri uleule. Nadhani hakuujua. Nilipofungua mdomo niseme mimi, nikagundua kwamba sikuujua vilevile.

Keziah alijifungua msichana chini ya paa, kama walivyoomba. Nathan alitaka aitwe Urith, ndiyo desturi. Keziah akakataa katakata. "Jina hilo limechoka," akasema, "liacheni lilale." Mtoto akaitwa Dinah, ambalo halikuwa la mtu yeyote. Siku ya Bibi Maria iliyofuata, msimamizi mpya alikuja na watu na kulabu. Hakuuliza roho ipo. Nathan alikuwa amepata kazi kwenye machimbo ya bati huko Cornwall, wakapakia vyombo kwenye mkokoteni wa kuazima, na Keziah alitembea akitazama mbele. Sijasikia habari zao tangu hapo.

Nyumba ya udongo bila kofia haikawii. Msimu wa kwanza chokaa ilibanduka, wa pili ule ukuta wa nyuma ukapasuka mahali palepale ambapo Reuben alikuwa akiziba ufa ambao haukuwepo. Sasa ni tuta tu, jekundu mvua ikinyesha, limeota upupu. Ukuta wa jikoni ndio uliochelewa kuanguka. Nilikuwa nautazama kila siku nikisubiri, na siku ulipolala sikusikia furaha niliyokuwa nimeitarajia.

Chumvi naiweka chini siku hizi, kwenye bakuli juu ya meza. Inashika unyevu, inaganda, nalalamika. Kile kigoda nilikichoma. Lile shubaka nimeliacha tupu.